Damu ile ile, homa mbili: jibu kwa mama wa Langoni

Swali: Assalamu alaikum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Langoni, Lamu. Mwaka 2004 ile homa ya viungo ilipoingia mjini, nyumba yetu ilikuwa na watu tisa. Mama yangu mzazi alipinda, miezi mitano hawezi kujifunga leso mwenyewe. Mume wangu aliona homa siku mbili akarudi baharini. Dada yangu hakuumwa hata kichwa, naye alikuwa akilala chumba kimoja na mama. Halafu Agosti 2021 korona ikaingia nyumba hiyo hiyo. Mwanangu wa miaka 27, hana ugonjwa wowote, mwili mkubwa kidogo tu, alikaa nyumbani siku nane, akazidiwa, akakimbizwa hospitali na kuwekewa oksijeni siku kumi na moja. Hakuwa amechanjwa. Mama yangu, ana miaka 80 wakati huo na ameshachanjwa mara mbili, alikohoa siku tatu yakaisha. Sasa binti yangu ameposwa, na upande wa mume wameanza kusita. Wanasema sisi tuna damu dhaifu, homa zikija zinatupata vibaya. Wengine kwetu wanasema basi aolewe na binamu yake, mambo yaishie nyumbani. Daktari, ni kweli ukali wa homa umo kwenye damu? Na tupime nini?

Jibu: Waalaikumu salaam, dada yangu. Pole kwa zile siku kumi na moja, na hongera kwa posa. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu jibu la wakwe zako umeshaliandika humo humo bila kukusudia. Aliyepinda miezi mitano mwaka 2004 ni mama yako. Aliyekohoa siku tatu mwaka 2021 ni mama yako huyo huyo. Vinasaba alivyozaliwa navyo havikubadilika katikati. Damu yake ingekuwa dhaifu, ingekuwa dhaifu mara zote mbili. Kwa hiyo hiyo "damu dhaifu" wanayoisema haipo. Lakini kwamba urithi una mkono katika ukali wa ugonjwa wa virusi, hilo ni kweli, na nitakueleza mkono huo unafika wapi na unakomea wapi.

Nianze na 2004, maana watu wa nyumba moja hupenda kudhani kwamba wote walipatwa na kitu kimoja kwa kipimo kimoja. Sivyo ilivyokuwa.

Homa ile ni chikungunya. Neno ni la Kimakonde, lina maana ya kujikunja, na liliingia katika vitabu vya tiba baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kule kwenye uwanda wa Wamakonde, kusini ya Tanganyika. Waswahili wenyewe huenda waliifahamu zamani zaidi: mwaka 1870 Waunguja waliita kidinga pepo homa moja ya viungo ambayo, ukisoma alivyoieleza daktari James Christie aliyekuwa huko, inafanana na chikungunya kuliko na dengi. Ilipofika Lamu 2004 kulikuwa na joto na ukame. Unakumbuka watu walivyoweka maji ndani, mapipa na mitungi ikijazwa juu kwa juu bila kumwagwa wala kusuguliwa. Mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe, hutaga humo. Birika za nyumba za kale za Lamu zilikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na waliovitia walijua wanachokifanya. Pipa la plastiki halina kisamaki.

Baada ya mlipuko ule watu wa Lamu walipimwa damu, ikaonekana 75 katika kila 100 wameambukizwa, na makadirio yakafika watu 13,500 hivi. Ni idadi ya kutisha. Lakini igeuze: mtu mmoja katika kila wanne hakuguswa kabisa. Dada yako kulala chumba kimoja na mama hakuthibitishi kwamba kirusi kilimfikia, kwa sababu mbu huyu si kama yule wa malaria anayetuvamia usiku wa manane. Huyu huuma mchana, asubuhi na alasiri hasa. Basi muulize dada yako mchana alikuwa akishinda wapi siku zile. Tena huenda aliambukizwa asihisi kitu, kwani wapo watu wa namna hiyo, ingawa kwa chikungunya ni wachache. Na wapo watu wazima waliowahi kuugua o'nyong-nyong, ndugu wa karibu wa chikungunya, ambayo kuanzia 1959 ilipita Uganda, Kenya na Tanganyika na kuwapata watu wapatao milioni mbili. Kinga iliyomjua ndugu mmoja huweza kumtambua kidogo na mwenziwe.

Mama yako naye alikuwa na miaka 63. Kule kisiwani Réunion, ambako wagonjwa walifuatiliwa kwa muda mrefu, maumivu yasiyotaka kuondoka yaliwaandama zaidi waliopita miaka 45, na waliokuwa na shida ya viungo tangu hapo kabla. Mumeo alikuwa kijana wa baharini. Kwa watu hawa watatu umri na bahati vinatosha kueleza mengi kabla hatujamgusa babu yeyote.

Na kuna vinasaba vingine ambavyo watu huvisahau wakizungumza habari hizi, navyo ni vya kirusi chenyewe. Kutoka kwenu kirusi kilishuka Mombasa kabla 2004 haijaisha, kikafika Ngazija mwanzoni mwa 2005, kisha Réunion, ambako hadi 2006 kilikuwa kimewaambukiza watu 266,000 hivi, theluthi moja ya kisiwa. Njiani herufi moja ilibadilika katika maandishi yake yote ya herufi karibu 11,800, na kwa herufi hiyo moja kikaweza kustawi ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye Réunion ndiye aliyejaa. Ndiyo maana mimi husita mtu akilinganisha homa ya mwaka huu na ya mwaka juzi kana kwamba ni kitu kimoja. Mwanao mwaka 2021 alikutana na aina ya korona iitwayo Delta, ambayo ilikuwa imeishika Kenya katikati ya mwaka ule, na Delta ililaza watu hospitali kuliko korona ya mwanzo.

Hapo sasa mlinganishe na bibi yake. Bibi alikuwa na sindano mbili. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021 na wazee wa miaka 58 na zaidi waliwekwa mbele. Vijana walikuja nyuma. Kijana alikuwa hana sindano hata moja, ana mwili mkubwa, na unene ni miongoni mwa mambo yaliyowapeleka vijana wengi kwenye oksijeni. Juu ya hayo alikaa nyumbani siku nane. Sikulaumu, wengi walifanya hivyo, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mdanganyifu: wiki ya kwanza mtu anajiona ana mafua tu, kisha kati ya siku ya saba na ya kumi mapafu yanawaka, na oksijeni inashuka wakati mgonjwa bado anazungumza na kuomba chai.

Hayo nimeyatanguliza kwa sababu mizani yake ni mizito. Kati ya kijana wa miaka 20 na mzee wa 80, wote hawajachanjwa, hatari ya kufa kwa korona ilizidi mara mamia. Ukiikumbuka namba hiyo, haya ya urithi ninayoyaleta sasa utayaweka mahali pake.

Uchunguzi ninaoupenda kuliko wote juu ya jambo hili ulichapishwa Denmark mwaka 1988, kabla vinasaba havijasomwa kwa mashine. Ulichukua familia 960 zenye watoto waliozaliwa kati ya 1924 na 1926 na kulelewa tangu udogo na watu wasio ndugu zao. Kila mtoto ana wazazi wawili waliomzaa, ambao hakukaa nao, na wawili waliomlea, ambao si damu yake. Ikaonekana kwamba mzazi wa kuzaa akiwa alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza kabla ya miaka 50, hatari ya mtoto wake kufa kwa ugonjwa wa kuambukiza ilikuwa karibu mara sita ya wenzake. Mzazi wa kulea akifa kwa ugonjwa wa namna hiyo, hatari ya mtoto haikupanda hata chembe. Mtoto hakula chakula cha mzazi wake wa kuzaa, hakulala kwenye nyumba yake, hakuvuta moshi wa jiko lake. Kilichovuka ni vinasaba tu. Kwa hiyo mtu akikuambia urithi hauhusiki kabisa, naye pia amekosea.

Urithi huo unafanyaje kazi? Kirusi kikiingia ndani ya seli, seli haina askari wa kuita papo hapo. Inachoweza ni kupiga mbiu. Mbiu hiyo ni protini iitwayo intaferoni, na ikishapigwa, seli za jirani zinafunga milango na kunoa visu kabla adui hajazifikia. Lazima kwanza awepo anayesikia kishindo cha adui. Lazima pembe yenyewe iwepo na isiwe na ufa. Lazima jirani awe na sikio la kuisikia. Na wenye visu wawe na visu kweli. Kila hatua hapo ina jeni zake, yaani vipande vya vinasaba vinavyoiongoza, na kila jeni inaweza kuzaliwa na kosa la maandishi.

Mfano wa kosa katika kusikia ulipatikana Uholanzi Julai 2020. Vijana wanne, ndugu wawili wawili kutoka familia mbili, wenye miaka 21 hadi 32, wazima kabisa kabla ya hapo, wote wakaishia kwenye mashine ya kupumulia kwa korona; mmoja alikufa. Wote wanne walikuwa na kosa katika jeni ya TLR7, ambayo ndiyo sikio la kusikia virusi vya aina hiyo. Jeni hii imekaa kwenye kifurushi cha vinasaba kiitwacho kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake, kwa hiyo ikiwa na kosa hana akiba. Mwanamke ana mbili, moja humsitiri. Hili nitalirudia mbele, kwa sababu linakuhusu wewe moja kwa moja.

Baadaye mwaka huo huo walichunguzwa wagonjwa 659 wa korona kali, wakapatikana 23 wenye makosa makubwa katika jeni za njia hii ya intaferoni. Ni kama 3 au 4 katika 100. Uchunguzi mwenziwe ulipima wagonjwa mahututi 987, ukakuta 101 wana kingamwili zilizogeuka na kuishambulia intaferoni yao wenyewe, yaani pembe ipo, sauti ipo, lakini kuna mtu anayeiziba mdomo. Katika hao 101, wanaume walikuwa 95, na kingamwili hizi huongezeka uzeeni. Kwa wengi wao hazikurithiwa. Zilijengeka ndani ya maisha. Naona hapo ndipo sehemu ya fumbo la wazee na la wanaume ilipofumbuka, na katika miaka yangu ya kazi sijaona ugunduzi ulionigusa hivyo.

Lakini tazama upande wa pili wa jambo hili, maana ndio unaovunja neno la damu dhaifu. Makosa haya mara nyingi huchagua adui. Kuna watoto wenye kosa katika jeni ya TLR3, ndugu wa TLR7, ambao wanapita surua, mafua na tetekuwanga kama watoto wengine, ila kirusi kimoja tu, kile cha malengelenge ya mdomoni, kwao kinapanda hadi kwenye ubongo. Kirusi kimoja. Na kuna jeni ya CCR5 iliyokatika kipande, inayoonekana kwa watu wa asili ya Ulaya: mwenye nakala mbili za jeni hiyo iliyokatika, moja ya baba na moja ya mama, virusi vya UKIMWI vya aina ya kawaida havipati mlango wa kuingilia, lakini mtu huyo huyo akipata homa ya West Nile, kwake huwa kali kuliko kwa mwenziwe. Sasa huyo damu yake ni dhaifu au ni hodari? Swali halijibiki, kwa sababu limeulizwa vibaya.

Sisi wa pwani tunalijua hili hata kama hatulisemi kwa maneno hayo. Selimundu tunaiogopa, na ni haki, mtoto mwenye nakala mbili huteseka. Lakini mwenye nakala moja ni mzima, na malaria kali humwepuka kwa kiasi cha 90 katika 100. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyelionyesha hili mwaka 1954. Malaria si kirusi, najua, ila somo ni lile lile. Kilifi, kusini ya huku kwetu Malindi, kuna aina ya damu iitwayo Dantu ambayo karibu mtu mmoja katika kumi anayo, na ambayo nje ya Afrika Mashariki ni adimu mno. Hiyo nayo huzuia malaria kali. Wakwe wakitaka kujua damu za pwani zina nini, wajue na hilo.

Makosa makubwa kama ya TLR7 ni nadra. Yaliyo mengi ni tofauti ndogo ndogo, na hizo sote tunazo: ukichukua maandishi ya mtu yeyote, herufi bilioni tatu hivi, ukayaweka kando ya nakala ya kulinganishia, utakuta tofauti milioni nne hadi tano. Nyingi hazifanyi kitu. Chache husogeza mizani kidogo. Kwa korona, tofauti iliyojulikana mapema zaidi iko kwenye kromosomu ya tatu, kipande cha herufi karibu 50,000 ambacho mwenye nacho hatari yake ya ugonjwa mkali hupanda, lakini haifiki hata mara mbili. Kipande hicho kilitoka kwa Neanderthal, binadamu wa kale wa Ulaya na Asia ambao wazee wa baadhi yetu walizaa nao. Asia Kusini karibu nusu ya watu wanacho, Ulaya 16 katika 100, na Afrika karibu hakipo. Na huyo huyo anayechukua kipande hiki cha kumtia hatarini kwa korona, hatari yake ya kupata virusi vya UKIMWI hupungua kwa robo hivi. Upande mwingine kuna jeni ya OAS1, mmoja wa wale wenye visu. Toleo lake zuri hupunguza ukali wa korona. Wazungu wamelirithi toleo hilo kutoka kwa Neanderthal hao hao. Kwa muda ikadhaniwa ni fadhila ya huko, hadi mwaka 2022 ilipoonyeshwa kwamba watu wa asili ya Afrika wana toleo hilo hilo la kinga ambalo halikupitia kwa Neanderthal kabisa. Tulikuwa nalo tangu awali.

Nimelitaja hilo kwa sababu kuna watu siku hizi wanauziwa vipimo vya vinasaba kwa posta, wanatema mate kwenye kichupa na kupokea karatasi yenye rangi. Usitumie pesa yako huko. Hesabu nyingi za karatasi hizo zimejengwa juu ya watu wa Ulaya, na Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote. Sisi wa pwani tena tuna habari yetu. Mwaka 2023 vilichapishwa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, Manda na Faza za huko kwenu zikiwemo, na Mtwapa. Kwa wengi wao nasaba ya kike ni ya Afrika karibu yote, na ya kiume kwa sehemu kubwa ni ya Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Familia ya Langoni inaweza kuwa na herufi moja kutoka Tana na ya pili kutoka ng'ambo ya Hormuz. Karatasi iliyopimwa kwa Wazungu itawasomaje?

Kazi ya kuwapima watu wetu kwa magonjwa yetu ipo, ila bado ni ndogo. Iliyo karibu nanyi zaidi ni ya homa ya Bonde la Ufa: baada ya mlipuko wa 2006 na 2007, watu wa kaskazini mashariki, majirani zenu wa upande wa Garissa, walichunguzwa, na tofauti katika jeni za kusikia virusi, TLR3 na TLR7 miongoni mwake, zikaonekana kwenda pamoja na ukali wa dalili. Ni zile zile nilizokutajia hapo juu. Ningependa kuona uchunguzi kama huo ukifanywa kwa chikungunya Lamu, ambako robo tatu ya mji ina kumbukumbu yake mifupani.

Sasa la binamu. Hili nalisema kwa heshima, maana ndoa za mabinamu ni mila ya wazee wetu na zimejenga nyumba nyingi njema. Lakini mnaipendekeza kama dawa ya tatizo la damu, na kwa hoja hiyo mmeshika upande usio. Mabinamu wa kwanza wanashirikiana sehemu moja ya nane ya vinasaba. Kosa lililojificha, ambalo nakala moja yake haidhuru mtu, likiwa kwa babu mmoja linaweza kushuka pande zote mbili na kukutana kwa mtoto. Kwa wazazi wasio ndugu, watoto 2 au 3 katika 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa mabinamu wa kwanza kiasi hicho huongezeka mara mbili hivi. Bado watoto wengi mno huzaliwa wazima. Lakini hatari haipungui kwa kufunga mlango, huongezeka.

Visiwa vinatufundisha hili vizuri. Samoa na visiwa jirani vya Polynesia, mwaka 2022 iligunduliwa kwamba kosa katika jeni ya sikio la kuisikia intaferoni, ambalo kwingineko duniani karibu halionekani, huko linabebwa na watu wengi kiasi. Waanzilishi wa visiwa walikuwa wachache, mmoja wao alikuwa nalo, likabaki. Mtoto mwenye nakala mbili anakua vizuri hadi akutane na kirusi fulani, au chanjo ya surua ambayo ndani yake mna kirusi hai kilichodhoofishwa. Hapo huweza kuzidiwa. Tafadhali usilichukue hilo ukamzuilia mtu sindano. Watoto hao ni nadra, na surua yenyewe iliua watu 83 Samoa mwaka 2019, wengi wao watoto wadogo, baada ya uchanjaji kuporomoka. Lamu haikuwahi kuwa kisiwa cha namna hiyo. Majahazi yameleta damu mpya kila msimu kwa miaka elfu. Binti yako kuolewa nje kunaendeleza desturi hiyo.

Kuhusu vipimo, kwa ajili ya posa kuna kimoja tu ninachokutaka ukifanye, nacho hakihusiani na homa hizi: binti na mchumba wake wapimwe selimundu, wote wawili. Pwani yetu wabebaji ni wengi, na jibu lake lina matumizi, kwa sababu wote wawili wakiwa wabebaji kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, na ni bora wajue mapema. Kwa korona na chikungunya hakuna kipimo cha vinasaba kitakachowafaa wakwe kitu.

Kwa mwanao kuna maswali machache, na hapa ndipo ile TLR7 inaporudi. Mbali na ile ya 2021, amewahi kulazwa kwa homa ya mapafu au homa ya uti wa mgongo? Mafua ya kawaida humuangusha kitandani wiki mbili mbili? Ana kaka aliyepata korona ikamwelemea vilevile? Na wewe mwenyewe, una kaka, au mama yako alikuwa na kaka, aliyekufa kijana kwa homa ambayo haikueleweka? Nauliza upande wako kwa sababu X ya mwanao imetoka kwako. Majibu yote yakiwa hapana, kama ninavyodhani yatakuwa, basi kijana alipatwa na Delta, bila chanjo, na mwili mkubwa, na kuchelewa, na hakuna haja ya kutafuta zaidi. Apunguze uzito, asiache sindano zake, na siku nyingine akihema kwa shida apelekwe siku hiyo hiyo. Likiwepo ndiyo moja au mawili, hapo aende kwa daktari wa magonjwa ya kinga akapimwe kwa utaratibu.

Chukua karatasi umkalishe mama yako wakati kumbukumbu zake zinaye. Andikeni vizazi vitatu: nani alikufa na umri gani, kwa maradhi gani kama yanajulikana, nani alioana na nani wa nyumbani, mtoto yupi alifariki mchanga. Wazee wa Lamu wanazijua nasaba kwa moyo, na hakuna mashine inayonisaidia kama saa moja ya bibi anayekumbuka. Karatasi hiyo ibaki kwa mwanao, aende nayo kliniki akihitaji. Wakwe haiwahusu, wao wanahitaji cheti cha selimundu tu, chao na chenu.